Usiliuze shoka la babu kwa kilo

WAHENGA walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Hawakutuachia neno lolote kuhusu shoka lenye mpini ambalo kichwa chake huruka hewani.

Swali hilo nililetewa majuzi na mwanafunzi mmoja anayesomea hapa Nakuru. Nyanya yake, anayeishi pembezoni mwa mji wa Elburgon, ana shoka aliloachiwa na marehemu mumewe. Mpini umelegea, naye amelifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Siku moja akipasua kuni, kichwa kilichomoka, kikapita karibu na mjukuu wake wa miaka minne na kugonga ukuta wa jikoni. Tangu siku hiyo baba mdogo wa kijana huyu ameapa kwamba kutu hiyo itapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. "Je, ni kweli limekwisha kazi?" kijana akaniuliza.

Nilimwomba amsihi baba yake mdogo angoje hadi Jumamosi.

Msomaji, nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Chuma kikishapanda mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu hakina jina tena wala historia. Kitakatwa, kitayeyushwa, na kitarudi kwetu kikiwa nondo. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na kwa miezi michache vijana wenye mikokoteni hawakuonekana mitaani. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka huohuo, mikokoteni ikarudi, na sasa hupita mlangoni kwako ikiuliza kama una sufuria iliyotoboka, betri au jembe lililovunjika. Shoka hununuliwa kwa bei hiyohiyo ya jembe lililovunjika.

Iwapo umewahi kupita karibu na Soko la Wakulima hapa Nakuru, au siku ya soko kule Njoro, Molo au Subukia, bila shaka umewaona watu waliotandika magunia chini wakapanga spana, bawaba, kufuli zisizo na funguo na pasi za makaa. Katikati ya mirundo hiyo hukosi kuona kichwa cha shoka. Ukiuliza kilitoka wapi, utaambiwa kilikuwa cha Delamere. Mimi binafsi nimeonyeshwa mashoka ya Delamere yasiyopungua kumi na mawili, na kama yote yalikuwa yake, basi bwana huyo aliacha kufuga kondoo akafungua duka la mashoka.

Maneno ya muuzaji yasikilize kwa adabu, kisha ukisome chuma chenyewe.

Kwanza tazama namna kinavyoshikana na mpini. Shoka la wahunzi wetu wa asili halina tundu. Lina mkia mwembamba unaopenya kwenye mpini wenye kichwa kinene mfano wa rungu, na kila unapopiga, mkia unazidi kujikaza ndani ya mti. Wamaasai huliita endolu, Wakalenjin aywet, na Wakikuyu ithanwa. Wahunzi wa Kimaasai, il-kunono, walikuwa jamii ya peke yao ambao wengine hawakukubali kuoana nao, ingawa hakuna moran aliyeweza kwenda popote bila mkuki wao. Ukipata kishoka cha namna hiyo sokoni, usikipige msasa wala usikibadilishe mpini. Kipanguse vumbi, ukipake mafuta kidogo, ukiweke mahali pakavu. Thamani yake iko katika alama za nyundo ya mhunzi, na msasa utazifuta.

(Wanafunzi watakaopenda kwenda nyuma zaidi wapande matatu ya Gilgil washukie Kariandusi, ambako Louis Leakey aligundua mashoka ya mawe mnamo 1928. Mengine yalichongwa kwa lile jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama chupa. Yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na hayana mpini kabisa. Hayo ni ya kutazama tu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 haikuruhusu kutia hata moja mfukoni.)

Shoka lenye tundu ndilo lililokuja kwa meli. Hapo sasa tafuta maandishi. Yanakuwa kwenye shavu la shoka, mara nyingi yamefunikwa na kutu, na utayaona vizuri zaidi ukilipaka shavu chaki kisha ukalipangusa, kwa kuwa chaki hubaki ndani ya herufi. Ukisoma ELWELL, hilo lilifuliwa Wednesbury, Uingereza. BRADES lilitoka karibu na Birmingham. HULTS BRUK ni la Uswidi, kutoka karakana iliyoanzishwa mwaka 1697. Taji lenye mkono ulioshika nyundo ni alama ya Collins wa Connecticut, Marekani, kampuni iliyoanza 1826 na kufunga milango 1966, kwa hivyo shoka halisi la Collins la Connecticut haliwezi kuwa na umri mdogo kuliko huo. Kichwa cha ng'ombe dume ni Ochsenkopf wa Ujerumani.

Nambari ndogo kama 4 au 4½ isikudanganye ukadhani ni mwaka au saizi ya mpini. Ni uzito kwa ratili. Ratili nne na nusu ni kilo mbili hivi, nalo ndilo shoka la kuangusha miti. Na ukiona alama ya mshale yenye mistari mitatu inayokutana juu, pengine na mwaka kando yake, ujue lilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, hasa ya jeshi. Usishangae kuikuta alama hiyo pande zetu, maana Gilgil palikuwa na kambi kubwa ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mbona mashoka ni mengi hivi katika sehemu hii ya Bonde la Ufa? Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa miongo mingi injini zake zilikula kuni. Kuni hizo zilikatwa na watu kandokando ya njia. Kisha wakaja walowezi, na mashamba ya Njoro, Molo na Subukia hayakujifyeka yenyewe. Viwanda vya kupasua mbao vikasimama Maji Mazuri, Londiani na Elburgon, vikila mitarakwa ya Mau. Shoka lilinunuliwa na mzungu, lakini waliolishika ni maskwota, ambao walifanya kazi sehemu kubwa ya mwaka ili waruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kufuga mbuzi wachache. Mashamba yalipoanza kuuzwa miaka ya sitini, vyombo vilitawanyika. Vingine viliangukia mikononi mwa kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro, na vingine vikachukuliwa na yeyote aliyekuwa karibu na stoo siku ile. Ndivyo vinavyotoka leo chini ya vitanda na darini, wazee wanapofariki na wajukuu kusafisha nyumba.

Haya, umelipata. Kabla ya kutoa pesa, chunguza mambo mawili au matatu. Litundike kwa uzi, uligonge kwa spana. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti ya mtungi uliopasuka, lina ufa, na ufa mara nyingi uko kwenye kuta za tundu. Shoka lenye ufa liache hapohapo hata ukipewa bure. Tazama kisogo chake. Kama kimefumuka kama uyoga kwa kugongewa vigingi, tundu lake huenda limebanwa likapinda. Halafu pima urefu wa makali kutoka kwenye tundu. Shoka lililonolewa miaka hamsini huwa fupi kama jino la mzee, na lile chuma gumu la mbele limekwisha.

Juu ya hilo chuma gumu, ruhusu nikuungamie jambo.

Nilipokuwa kidato cha pili mpini wa shoka letu ulikatika, na kibaki chake kikang'ang'ania ndani ya tundu. Baba hakuwapo. Nilikitia kichwa chote katika moto wa jikoni nikakiacha hadi mti ukawa jivu, kisha nikajisifu kwamba nimemaliza kazi bila jasho. Baba akarudi, akatia mpini mpya, akapiga pigo la kwanza kwenye kisiki cha mkaratusi. Makali yakajikunja kama bati. Alilinoa, yakajikunja tena. Hakunipiga wala hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Shoka lile lilimsomesha dada yangu mkubwa kwa kuni za kuuza, nami niliua roho yake kwa jioni moja.

Nilichokiharibu ni hiki. Makali ya shoka ni feleji, yaani chuma cha pua, kilichopashwa moto na kuzimwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa kipimo ili kisivunjike kama kioo. Ukikipasha baadaye kupita kipimo hicho, ugumu unaondoka. Rangi ndiyo shahidi. Chuma kilichosafishwa kikianza kupata moto huwa cha manjano kama nyasi kavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na kikifika nyuzi 300 hivi za selsiasi huwa bluu. Ukiona bluu kwenye makali, umechelewa. Nyumba ngapi hapa kwetu huchoma vibaki vya mipini motoni! Nadhani tabia hii imetokana na shoka la asili, ambalo mkia wake hupashwa moto ili uchome tundu katika mti. Lakini pale ni mkia tu unaoingia motoni.

Grainda nayo ni moto uleule uliovaa nguo nyingine. Fundi wa juakali atakunolea shoka kwa dakika mbili, cheche zikiruka, nawe utalipa kwa furaha bila kuona ule mstari wa bluu kwenye ncha. Kama ni lazima utumie grainda, mwambie alichovye majini kila baada ya sekunde chache, na makali yenyewe amalizie kwa tupa.

Basi Jumamosi tulipanda matatu hadi Elburgon, mimi na yule kijana, na mfuko wenye tupa, siki, msasa na brashi ya waya. Nyanya alitupokea kwa chai ya maziwa. Baba mdogo alikuwapo pia, amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Kijana," akaniambia, "ukishindwa, hilo shoka linaondoka leo."

Nikamwambia, "Sawa, mzee. Nipe hadi kesho."

Kibaki cha mpini tulikikata kwa msumeno chini kabisa ya kichwa. Kisha tukaweka kichwa juu ya mbao mbili, tukatoboa ule mti kwa keekee mara nne na kuusukuma nje kwa nyundo na kipande cha chuma. Ndani tulikuta misumari mitano. Kila fundi aliyepita hapo alikuwa ameongeza msumari ili kukaza, na kila msumari ulizidi kuupasua mti. Nyanya alikiri kwamba pia alikuwa akililaza shoka kwenye ndoo ya maji usiku ili mpini uvimbe. Msomaji, wengi wetu hufanya hivyo. Mti huvimba kweli, lakini unapovimba ndani ya chuma nyuzi zake hujiponda, na ukikauka huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana shoka linaloshika vizuri wakati wa mvua huanza kucheza likifika jua la Januari.

Kichwa tulikizamisha katika beseni la siki usiku kucha. Asubuhi kutu ilikuwa imelainika kuwa tope jeusi, brashi ikaiondoa. Tukakiosha kwa maji yenye magadi ili kuua uchachu wa siki, maana siki ikibaki inaleta kutu mpya saa hiyohiyo, halafu tukakikausha juani na kukipaka mafuta. Siki ina faida nyingine. Hukuonyesha mpaka wa chuma gumu, kwa kuwa sehemu iliyotiwa ugumu hugeuka rangi tofauti na mwili uliobaki. Kwa mashoka ya zamani zaidi mpaka huo ni pale mhunzi alipochomelea kipande cha feleji kwenye chuma laini. Kwa mengine shoka zima ni feleji, lakini makali pekee ndiyo yaliyozimwa. La nyanya lilikuwa na vidole viwili vizima vya chuma gumu mbele. Nililijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza kabisa, makali ni magumu mno na yatavunjika. Ikila kama inakata risasi, ni laini. Hapa ilikuwa inauma kwa shida.

Ubavuni yalijitokeza maandishi. ELWELL. Chini yake mshale, na 1943.

Baba mdogo aliachanisha mikono. "Lilikuwa la jeshi?" akauliza. Nyanya ndiye aliyejibu. Mumewe hakuwa askari. Alifanya kazi katika shamba la mzungu mmoja upande wa Molo, na mwajiri huyo alipouza shamba na kuondoka, hakulipa mshahara wa mwezi wa mwisho. Aliwaambia wafanyakazi waingie stoo, kila mmoja achague kitu. Wengine walichukua ndoo na matandiko ya farasi. Yeye akachukua shoka.

"Huo ndio mshahara wake," nyanya akasema. "Mkiuza, uzeni. Lakini si kwa kilo."

Hakuna aliyezungumzia mizani tena siku ile.

Ilibaki kunoa na kutia mpini. Kunoa tulikibana kichwa kwa jiliwa la jirani, tukasukuma tupa kuelekea kwenye makali, mikono ikiwa ndani ya glavu nene, na kumaliza kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa. Usilinoe shoka la kuni liwe jembamba kama kisu. Mashavu yake yawe na tumbo kidogo, ili lipasue na kutoka badala ya kunasa. Mafundo ya mtarakwa huvunja makali membamba kama biskuti.

Mpini ndio kazi nusu. Ile ya mkaratusi inayouzwa kando ya barabara ni rahisi, lakini mingi huchongwa ingali mibichi na husinyaa ndani ya mwezi. Mti niupendao ni mzeituni mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo, Wakalenjin emitiot na Wamaasai oloirien. Ni mzito na mgumu kuchonga, ila hauvunjiki ovyo. Tawi lililopogolewa shambani mwako linatosha. Usiende kukata msituni bila kibali cha KFS, maana faini yake itanunua mashoka mengi mapya. Liache likauke kivulini miezi kadhaa. Sisi tulibahatika, kwa sababu jirani alikuwa na gogo alilolihifadhi darini tangu mwaka jana. Tazama nyuzi kwenye ncha ya mti: ziende sambamba na makali ya shoka. Zikikata upande, mpini utapasuka siku ya pigo kubwa.

Chonga hadi kichwa kiingie kwa kugongwa, kisha pasua ncha ya mpini kwa msumeno kufikia theluthi mbili za kina cha tundu, na upige kabari ya mti mkavu ndani ya mpasuko huo. Kabari moja iliyokaa sawa inatosha. Misumari iachie milango. Unapogonga, usiweke shoka chini. Lishike likining'inia, ugonge kitako cha mpini kwa nyundo ya mti, na kichwa kitapanda chenyewe. Lilionekana ajabu kwa baba mdogo, akaomba kujaribu, na hatukupata nyundo tena hadi alipomaliza. Mwisho ni mafuta ya mbegu za kitani, yale ambayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi huitwa linsidi. Rangi na vanishi usipake, kwa sababu zinateleza mikononi na kuficha nyufa. Na kila asubuhi kabla ya pigo la kwanza, vuta kichwa kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, kazi isimame.

Gharama? Siki, magadi, msasa na mafuta havikufika nusu ya bei ya shoka jipya. Muda ni kitu kingine. Tulimaliza Jumapili jioni, na nikakosa matatu ya saa kumi na mbili.

Nyanya alilipokea shoka lake, akalipima mkononi, akasimama mbele ya kigogo. Mjukuu mdogo aliamriwa aingie ndani. Akapiga mara moja, kigogo kikagawanyika mara mbili, naye akatugeukia na kusema mpini ni mrefu mno, tangu lini babu alikuwa na mpini mrefu hivi?

Tuliukata inchi nne.